Upinde Darasani: Kutengeneza Pinde na Mishale kama Somo la Sayansi na Kazi za Mikono

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kuwaongoza wanafunzi wa madarasa ya juu kutengeneza upinde, ugwe na mishale kwa vitu vinavyopatikana karibu na nyumbani, na jinsi ya kuitumia kazi hiyo katika masomo ya sayansi na hisabati. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa pamoja na wanachuo wangu na wanafunzi wa shule ya mazoezi. Mara ya kwanza niliifanya vibaya, na sehemu kubwa ya nitakayoyasema hapa imetokana na ubaya huo.

Si walimu wote wanaoiafiki kazi hii. Wapo wanaosema kwamba tunawarudisha watoto porini wakati wenzao wanajifunza kompyuta. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa maana husemwa na wazazi pia, tena wazazi wema. Jibu langu ni hili. Mtoto anayejifunza kanuni ya Hooke kwa kuning'iniza mawe ya mizani kwenye springi ya dukani hupata kanuni na kuinakili daftarini. Lakini springi ile imetengenezwa na mtu mwingine, katika kiwanda asichokijua, na ikimkatalia hana la kufanya ila kuomba nyingine. Upinde alioutengeneza kwa mkono wake ukipinda vibaya, sababu imo katika upinde ule ule, na aliyeitia ni yeye. Hana budi kuitafuta. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alilalamika kwamba shule zetu zilimzoesha mtoto kuamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni na kwa waliosoma, huku maarifa ya wazee yakidharauliwa. Kwa upinde, malalamiko hayo hayajapitwa na wakati.

Maarifa yenyewe bado yako hai. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde wake wa kwanza akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na huendelea kupewa pinde kubwa zaidi kadiri anavyokua. Upinde wa mtu mzima huhitaji nguvu ya kilo 30 au zaidi kuuvuta. Vyembe vya chuma hufuliwa kwa kugongwa kutokana na misumari, na wano la mshale hunyoshwa kwa kupashwa moto kisha kubanwa kwa meno. Huko Kenya, Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu, walikuwa na pinde nzito kupita hizo, na kwa pinde hizo waliwaangusha tembo katika nyika ya Tsavo. Mwanafunzi asidhani kwamba anachokichonga ni mchezo wa watoto uliokuzwa. Anachokichonga ni chombo ambacho watu wazima wamekilia chakula.

Kuchagua mti na kuukausha

Katika sehemu nyingi za Tanzania mti unaosifiwa kwa pinde ni mkole. Mpera pia unafaa, na watoto wanaujua tayari kwa sababu ndio wanaokatia panda za manati. Pasipo na mikole wala mipera, mwalimu awaulize wazee wa mahali hapo ni mti gani wanaoutumia kwa mipini ya majembe na kwa fimbo za kuchungia. Mti unaovumilia kazi hizo mara nyingi huvumilia kupindwa. Jaribio ni rahisi: chukua kijiti chake chenye unene wa kidole, kipinde kiwe nusu duara, kisha kiachie. Kikivunjika mara moja, mti haufai. Kikibaki kimepinda, nao haufai, au bado una maji mengi mno. Kinachotakiwa ni kile kinachorudi.

Ukatwe mche ulionyooka, usio na macho ya matawi wala kujisokota, wenye unene wa kifundo cha mkono na urefu unaokaribia kimo cha mwanafunzi mwenyewe. Sentimita 140 zinawatosha wengi. Hapa pana jambo la tahadhari. Watoto wanaokwenda kukata miti ni lazima waonyeshwe kwanza msunguti, nao waambiwe wasiuguse. Ndio mti ambao utomvu wake umetumiwa tangu zamani kutengenezea sumu ya mishale, na kiini cha sumu hiyo, kinachoitwa ouabaini, husimamisha moyo. Jina lenyewe la ouabaini limetokana na neno la Kisomali. Mwalimu anayeijua historia hiyo aisimulie darasani akitaka, lakini asitoe maelezo yoyote ya kuitengeneza, na mtoto yeyote anayesema babu yake anajua, ashukuriwe na mazungumzo yaendelee mbele.

Mti mbichi hauchongwi ukawa upinde siku hiyo hiyo. Ukivutwa ungali na maji, nyuzi zake hubonyea upande wa ndani na upinde hushika mpindo usiorudi. Kwa hiyo maganda yatolewe, mti upunguzwe kwa panga uwe karibu na umbo la upinde, na ncha zote mbili zipakwe nta au rangi ili maji yasitoke kwa haraka penye ncha na kuleta nyufa. Kisha ulazwe kivulini penye upepo. Swali la wanafunzi litakuwa: ukauke kwa muda gani? Usiwatajie wiki. Waambie waupime uzito kila Jumatatu kwa mizani ile ile na waandike. Uzito utashuka sana wiki za kwanza, kisha kidogo kidogo, kisha utakoma kushuka. Unapokoma, mti umekauka kwa kiasi cha hewa ya mahali hapo. Hilo peke yake ni somo kamili la mchoro wa grafu, na ni grafu ambayo mwanafunzi anaingoja kwa hamu, jambo ambalo si la kawaida.

Mgongo na tumbo

Upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaoelekea shabaha. Tumbo ni upande unaomwelekea mpigaji. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti zilizo mgongoni hunyoshwa, na zilizo tumboni hugandamizwa. Katikati yake pana tabaka ambalo halinyoshwi wala haligandamizwi. Mwanafunzi ataelewa haya akichora mistari ya wino kila baada ya sentimita moja juu ya kandambili kuukuu na kuikunja: mistari ya upande mmoja hutengana, ya upande wa pili husogeleana.

Kutokana na ukweli huo inatoka amri moja isiyovunjwa: kisu kisiguse mgongo. Maganda yakishatolewa, mgongo uachwe kama ulivyoota, kwa sababu uzi wa mti uliokatwa hauwezi tena kuvumilia kunyoshwa, na ufa huanzia hapo. Uchongaji wote hufanywa tumboni na ubavuni. Wanafunzi wanaopenda unadhifu ndio wanaoivunja amri hii. Huona kijinundu mgongoni, wakakisawazisha kwa randa, na upinde ukapata uso laini na kifo chake pamoja.

Ya pili ni kanuni ya unene. Ugumu wa upinde hufuata upana wake sawasawa, lakini hufuata unene wake mara tatu kwa kuzidishwa. Mkono wa upinde ukiongezwa upana mara mbili, ugumu huongezeka mara mbili. Ukiongezwa unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Rula ya mti huonyesha jambo hili kwa dakika moja: ilaze, inapinda kwa kidole, isimamishe kwa ubavu, haipindi. Sasa mwanafunzi apige hesabu. Mkono wenye unene wa milimita 10 ukiparuliwa milimita moja tu, ugumu unaobaki ni 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.729. Zaidi ya robo ya nguvu imeondoka kwa ukwaru usiozidi unene wa ukucha! Nimewaona wanafunzi ambao hawakuwahi kujali tarakimu za desimali wakiirudia hesabu hii mara mbili kabla ya kushika kisu.

Kulinganisha mikono

Hapa ndipo palipo moyo wa kazi, na hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka wa kwanza niliandika ubaoni hatua kumi na mbili, na kila hatua niliipa vipimo: mshiko unene huu, katikati ya mkono unene huu, ncha unene huu. Wanafunzi walivifuata vipimo kwa uaminifu. Kijana mmoja alitoa upinde mzuri kupita yote, umepigwa msasa na kupakwa vanishi, pande zote mbili zimelingana kwa rula hadi milimita. Nilimpa alama 18 katika 20 kabla hajauvuta hata mara moja. Alipouvuta mbele ya wenzake ulipasuka karibu na mshiko, na kibanzi kikamchana juu ya jicho. Alishonwa. Jicho lilisalimika kwa upana wa kidole. Nilipoviokota vile vipande viwili niliona kwamba mahali pale palikuwa na jicho dogo la tawi lililofunikwa na vanishi, na mkono mmoja ulikuwa umepinda wote mahali hapo pamoja, huku sehemu nyingine ya mkono ule ikiwa haijapinda kabisa. Vipimo vyangu vilikuwa sawa. Mti haukuwa sawa, wala hakuna mti ulio sawa ncha hadi ncha, na mimi sikuwafundisha kuuuliza.

Mwaka uliofuata nilimwomba mzee mmoja wa kijiji cha jirani aje darasani. Alikuwa amechonga pinde ujanani mwake. Wanafunzi walimwamkia, wakakaa na madaftari yao tayari, na mmoja akauliza, "Babu, mkono wa upinde uwe na unene kiasi gani?" Mzee akamtazama kana kwamba ameulizwa uzito wa wimbo. Akasema, "Uinamishe, mjukuu wangu, uuone." Akaichukua fito ya yule mtoto, akaikita ncha moja chini, akaisukuma katikati kwa kiganja, akaitazama kwa jicho moja. Kisha akapitisha dole gumba tumboni mwa fito, akasimama mahali pamoja, akapaparua mara tatu kwa kisu. Akainamisha tena. Alifanya hivyo karibu saa nzima bila kusema zaidi ya maneno ishirini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtafsiria kwa wanafunzi. Sikupata nafasi, wala haikuhitajika.

Tangu hapo kazi hii tunaifanya kwa namna ifuatayo. Kwanza upinde huinamishwa sakafuni, mkono mmoja mmoja, hadi kila mkono uonyeshe mpindo kidogo usio na pembe. Baadaye tunatumia ubao wa kulinganishia: gogo lililosimamishwa ukutani, lenye tundu la kuwekea mshiko juu, na mapengo yaliyokatwa kila baada ya sentimita tano kwenda chini. Upinde hufungwa ugwe mrefu uliolegea, huwekwa juu ya gogo, na ugwe huvutwa chini hadi pengo la kwanza. Mvutaji akae kando na ashike kamba ndefu, asisimame chini ya upinde. Nyuma yake ukutani pachorwe mistari kwa chaki ili jicho lipate la kulinganisha. Mwenzake asimame hatua tano mbali na atazame: je, mikono miwili inashuka pamoja? Je, kuna mahali panapojikunja kama goti? Je, kuna mahali palipokaza kama fimbo?

Mahali palipokaza patiwe alama ya penseli, na hapo ndipo paparuliwe, kwa kisu kilichoshikwa wima au kwa kipande cha glasi kilichofungwa kitambaa. Mahali panapojikunja pasiguswe hata kidogo, ila papunguzwe pengine pote hadi papafikie. Mwanafunzi hutaka kufanya kinyume, kwa kuwa huona tatizo liko palipojikunja, akaenda na kisu pale pale. Itabidi umwambie mara nyingi. Baada ya kila kuparua, ugwe uvutwe polepole mara 20 au 30 bila kupita pengo lililokwisha fikiwa, maana mti huchukua muda kuonyesha kilichofanyika. Ndipo ushuke pengo moja. Upinde usivutwe kamwe kupita uzito uliokusudiwa, hata kama bado haujafika urefu unaotakiwa. Uzito ukitimia mapema, dawa ni kuparua, si kuvuta. Kwa watoto wa miaka 12 au 13, uzito wa kilo 8 hadi 10 kwa mvuto wa sentimita 50 unatosha kabisa. Mvuto huo ni zaidi kidogo ya theluthi ya urefu wa upinde, kwa hiyo mti hauteswi.

Kazi ya kulinganisha huchukua vipindi sita au saba. Mwalimu anayeona ni vingi, aache kazi hii na achague nyingine.

Ugwe na mishale

Wahadzabe hutengeneza ugwe kwa kano za wanyama wakubwa. Sisi tunatumia katani, ambayo mikoa kama Tanga na Morogoro inaijua vizuri. Nyuzi ndefu za mkonge uliokwisha kwanguliwa hugawanywa mafungu mawili. Kila fungu husokotwa kuelekea kulia, kisha mafungu mawili husokotwa pamoja kuelekea kushoto. Kila fungu linapotaka kufumuka humkaza mwenzake, na kamba haifumuki. Nyuzi mpya ziongezwe mahali tofauti katika kila fungu, zisikutane. Mwisho ugwe usuguliwe kwa nta ya nyuki. Ugwe uweze kubeba angalau mara nne ya uzito wa upinde. Uning'inizwe ndoo ya maji na uthibitishwe kabla ya kufungwa. Katani hukwaruzika upesi penye mapengo ya ncha, basi sehemu hizo zizungushiwe uzi. Uzi wa nailoni unapatikana kirahisi dukani lakini huvutika, na upinde hupoteza ukali wake.

Ugwe ukishafungwa, nafasi kati yake na mshiko iwe kiasi cha ngumi iliyosimamishwa dole gumba, karibu sentimita 15. Upinde usipotumika, ugwe ufunguliwe. Na upinde usifyatuliwe kamwe bila mshale, kwa sababu nguvu iliyokuwa iende na mshale hurudi katika mti.

Mishale hutengenezwa kwa matete makavu au kwa vijiti vyembamba vilivyonyooka. Kilichopinda hupashwa juu ya makaa, hunyoshwa, na hushikiliwa hadi kipoe. Urefu uzidi mvuto wa upinde kwa sentimita kumi. Pengo la kuingizia ugwe likatwe juu tu ya kifundo cha tete, na nyuma yake pafungwe uzi ili tete lisipasuke. Manyoya ya bawa la kuku yanatosha, matatu kwa kila mshale, lakini yote yatoke bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kulia umejikunja tofauti na wa kushoto, na ukiyachanganya, mmoja huvuruga kazi ya mwenzake. Mshale wenye manyoya yanayofanana huzunguka angani, na kuzunguka huko huunyosha.

Kichwa cha mshale wa shule kiwe butu: kitunguu cha mti chenye upana wa sarafu kubwa, kilichofungwa kitambaa. Kichwa hicho kizito kina kazi nyingine pia. Mwanafunzi auweke mshale juu ya kidole hadi utulie. Mahali pa kutulia pawe mbele ya katikati. Pakiwa nyuma, mshale hugeuka angani. Kuna jambo lingine ambalo wanafunzi wataliuliza wakiwa wepesi wa kuona. Mshale umewekwa ubavuni mwa upinde, ugwe unarudi katikati. Mbona mshale hauendi kombo? Ukweli ni kwamba mshale hupinda na kupindua mara kadhaa unapoondoka, ukauzunguka mshiko kama nyoka azungukavyo jiwe. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia aliyeweka mshale upande wa kushoto wa upinde, mshale uliokaza mno huenda kushoto, na uliolegea mno huenda kulia. Kwa hiyo mtoto ambaye mishale yake yote huenda upande mmoja asiambiwe tu kwamba hajui kulenga. Apewe mshale wa mwenzake ajaribu.

Vipimo na hesabu

Upinde uning'inizwe, ugwe uvutwe kwa mizani ya kuning'iniza, na uzito uandikwe kila baada ya sentimita kumi. Upinde uliolinganishwa vizuri hutoa mstari unaokaribia kunyooka. Tuseme uzito umefika kilo 10, yaani karibu niutoni 100, katika mvuto wa mita 0.5. Kazi iliyofanyika ni eneo la pembetatu chini ya mstari: nusu ya 100 × 0.5, sawa na jouli 25. Sehemu ya nishati hiyo hubaki katika mikono ya upinde na ugwe. Tukichukulia kwamba nusu tu ndiyo inayouingia mshale wenye gramu 25, mwendo wake utakuwa kama mita 32 kwa sekunde.

Je, ni kweli? Hapa hakuna haja ya saa. Kitu kilichotupwa kwa ulalo kutoka kimo cha mita 1.25 hufika chini baada ya nusu sekunde, sawa na kitu kilichoangushwa tu. Basi mwanafunzi apige mshale kwa ulalo kamili, bega lake likiwa kwenye kimo hicho, na wenzake wapime umbali hadi pale mshale ulipogusa ardhi mara ya kwanza. Uzidishe umbali kwa mbili: huo ndio mwendo kwa sekunde. Kwa mfano wetu umbali ungekuwa mita 16. Mishale mingi ya wanafunzi hufika pungufu ya hapo, na majadiliano ya sababu za upungufu huo (ugwe mzito, mikono minene nchani, mshale uliopigwa ukiwa umeinama kidogo) ndiyo sehemu bora ya somo zima.

Usalama na sheria

Wapigaji wasimame kwenye mstari mmoja, na kila asiyepiga akae nyuma ya mstari huo. Mishale ifuatwe kwa filimbi tu, wote kwa pamoja. Shabaha iwe magunia yaliyojazwa nyasi, yakiegemea kichuguu au ukingo wa udongo, si ukuta wa darasa. Kabla ya kila kipindi mgongo wa kila upinde upanguswe kwa pamba: penye ufa usioonekana, pamba hunasa. Upinde ulionasa pamba usivutwe siku hiyo. Pinde zote hufungiwa ghalani, na mwanafunzi hapewi kwenda nao nyumbani hadi mzazi afike mwenyewe na kuelezwa.

Wanafunzi waelezwe wazi kwamba hawaruhusiwi kuwinda kwa vyombo hivi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na anayewinda bila kibali ana hatia hata kama chombo chake ni cha mti. Mjadala kuhusu haki ya Wahadzabe kuendelea kuwinda katika ardhi ya mababu zao ni mpana na una uzito wake, nami naona unafaa kuletwa katika somo la uraia kuliko kuguswa juu juu hapa.

Kusahihisha

Nimekwisha kusema kwamba niliwahi kutoa alama 18 kwa vanishi. Sasa kila mwanafunzi ana daftari la upinde wake. Humo huandika uzito wa kila Jumatatu, huchora mpindo wa mikono katika kila pengo la ubao, na huonyesha mahali alipoparua na kwa nini. Daftari lina alama 10. Mpindo wenyewe, ukitazamwa kwenye ubao, una 6. Ugwe na mishale vina 4. Sura haina kitu.

Mwanafunzi mmoja msichana upinde wake ulivunjika wiki ya tatu, kwenye ubao, bila kumdhuru yeyote. Nilimpa 12. Mwalimu mwenzangu alinijia juu, akisema nimempa mtoto alama kwa kuni. Nilimwonyesha ukurasa wa daftari lake wa siku moja kabla: "Mkono wa chini, sentimita 30 kutoka mshikoni. Nimeparua mara mbili bila kupima katikati. Kesho nitazame hapo." Upinde ulivunjikia hapo hapo. Vile vipande viwili vimo kabatini pamoja na vya yule kijana wa mwaka wa kwanza, na kila kundi jipya hupewa vyote vinne siku ya kwanza, kabla sijasema neno, watafute wenyewe ufa ulianzia wapi.